Kiwiko Kinachouma kwa Sababu ya Kunyanyua Vyuma: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Kabla ya kununua dawa ya kuchua au kumwomba mtu akunyooshe mkono, kaa kitini, laza mkono unaouma juu ya paja, kisha kwa kidole kimoja cha mkono wa pili onyesha mahali panapouma kuliko pengine pote. Kipimo hiki hakina gharama, nacho ndicho kinachotenganisha tatizo moja na jingine, kwa sababu kiwiko kimezungukwa na kano za pande nne, yaani nje, ndani, nyuma na mbele, na kila upande una kazi yake, huumizwa na mazoezi yake na huhitaji matunzo yake. Anayesema tu kwamba kiwiko kinamuuma bado hajaeleza tatizo lake, na ushauri wowote atakaopewa hapo utakuwa wa kubahatisha.

Kano ni ule ukamba mgumu, mweupe, unaoushikiza msuli kwenye mfupa. Yeyote aliyewahi kuchuna mbuzi na kumkata vipande anaufahamu. Haupati damu nyingi kama msuli upatavyo, na kwa hiyo hujijenga polepole. Mtu anayeanza mazoezi huona misuli ikipata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano zake huhitaji miezi ili kuifikia nguvu hiyo, na majeraha mengi ya kiwiko huzaliwa katika pengo hilo.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria wanaofanya mazoezi hapa Dodoma, hasa katika jimu ndogo za mitaani na katika nyua za nyumba, ambako vyuma vya dukani huchanganyika na vile vya kujitengenezea kwa bomba na zege. Mimi mwenyewe niliwahi kuumia kiwiko, upande wa nje, na kosa nililolifanya wakati wa kujitibu nitalieleza mahali pake.

Dalili ambazo hazingojei mazoezi ya nyumbani

Ikiwa ulikuwa unanyanyua kitu kizito ukasikia mlio wa kukatika mbele ya kiwiko, kisha eneo hilo likavilia damu na mkono ukapungukiwa nguvu za kukunja, na hasa za kuzungusha kiganja kitazame juu, chukulia kwamba kano ya chini ya baisepsi, yaani msuli wa mbele ya mkono wa juu, imekatika mpaka daktari atakapokuhakikishia vinginevyo. Jeraha hili huwapata zaidi wanaume wa umri wa kati, mara nyingi wanapojaribu kuuzuia mzigo unaowazidi nguvu huku kiwiko kikiwa kimekunjwa. Wanyanyuaji hulipata pia wanaponyanyua chuma kutoka sakafuni kwa mshiko wa kupishanisha viganja, na mkono unaoumia huwa ni ule ambao kiganja chake kinatazama mbele. Upasuaji wa kuirudisha kano hiyo kwenye mfupa huwa rahisi zaidi katika wiki mbili au tatu za mwanzo, kabla haijajivuta juu na kushikamana na nyama za jirani, kwa hiyo kukaa mwezi mzima ukichua kwa mafuta ni kuipoteza nafasi ambayo hairudi kirahisi.

Nenda hospitali pia kama umeshindwa kunyoosha kiwiko baada ya kusikia kishindo upande wa nyuma. Kama kiwiko kimevimba, kimekuwa chekundu na cha moto, na una homa. Kama kiungo kinakwama katikati ya mwendo kana kwamba kuna kitu kimekizuia. Au kama vidole vimeanza kulegea na kudondosha vitu. Kwa Dodoma mjini, Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ndiko ningekuelekeza kwa matatizo ya aina hii. Naongeza jambo moja kwa wazazi na walimu wa michezo: kijana ambaye bado anarefuka akilalamika maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko, asipewe mazoezi yaliyoelezwa hapa chini kabla ya kuonwa na daktari, kwa kuwa kwake kinachoumia huenda si kano bali ni sehemu laini ya mfupa ambayo bado inakua.

Maumivu yako upande wa nje

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko mengine yote. Maumivu huanzia kwenye kinundu cha mfupa kilicho upande wa kidole gumba kiganja kinapotazama juu, na huweza kuteremka kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Limezoeleka kuitwa kiwiko cha tenisi, jina lililotokana na wachezaji wa tenisi ya nyasi wa Uingereza katika miaka ya 1880, ingawa wengi wanaougua hawajawahi hata kushika raketi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba misuli inayoanzia kwenye kinundu hicho ni ile inayonyanyua kiganja kuelekea nyuma, na wao hawakumbuki kufanya zoezi lolote la namna hiyo. Jibu limo katika mshiko. Unapofumba kiganja kushika bomba, misuli ya kufumba vidole huvuta pia kifundo cha mkono kikunjike kwa ndani, na ni misuli ya upande wa nje inayokizuia kisikunjike. Kila unapokaza mshiko, basi, misuli hiyo inafanya kazi, na kadiri unavyokaza ndivyo kano yake inavyovutwa. Kwa hiyo kujivuta kwenye bomba, kuvuta chuma kuelekea tumboni, kunyanyua kutoka sakafuni, kukunja mikono huku viganja vikitazama chini, na kunyanyua dambeli pembeni hadi usawa wa mabega, yote hugusa sehemu moja.

Ili kuhakikisha, simama nyuma ya kiti chepesi cha plastiki, nyoosha kiwiko, shika mgongo wa kiti kwa juu huku kiganja kikitazama chini, kisha kinyanyue. Halafu geuza mkono ushike kiti kwa chini, kiganja kikitazama juu, ukinyanyue tena. Kano ya nje iliyoumia hulalamika katika jaribio la kwanza na hutulia, au hupungua sana, katika la pili. Jaribio jingine ni kunyoosha mkono mbele, kiganja chini, na kumwomba mtu akandamize kidole chako cha kati huku wewe ukijitahidi kukiinua. Nyumbani, dalili hiyohiyo hujionyesha unapomimina chai kutoka kwenye chupa iliyojaa.

Ikiwa mahali panapouma si kwenye kinundu chenyewe bali ni vidole vitatu au vinne chini yake, ndani ya nyama ya kigasha, na maumivu ni ya kuchimba yanayokusumbua hata usiku umelala, yawezekana neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopita hapo imebanwa. Tatizo hilo hufanana sana na la kano lakini haliponi kwa njia ileile, na anayelifanyia mazoezi mazito hulizidisha, hivyo mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ndiye anayefaa kulitenganisha.

Maumivu yako upande wa ndani

Upande wa ndani, ule wa kidole kidogo, ndiko zinakoanzia kano za misuli ya kukunja kifundo na kugeuza kiganja kitazame chini. Hapa mazoezi yanayoumiza ni kujivuta kwenye bomba huku viganja vikikutazama, kukunja mikono kwa bomba lililonyooka, na kuning'inia kwa muda mrefu. Bomba lililonyooka lina kosa lake la kimaumbile: mikono ya wengi haikuumbwa kugeuka mpaka viganja vitazame juu kabisa huku viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni, hivyo bomba huilazimisha mikono kufika mahali ambapo isingefika yenyewe, na gharama yake hulipwa na kano ya ndani. Wengi niliowaona wakihama kutoka bomba kwenda kwenye dambeli, ambazo huuacha mkono ugeuke utakavyo, walipata nafuu ya kwanza kwa badiliko hilo peke yake.

Kipimo chake ni kukunja kifundo kuelekea ndani huku mkono wa pili ukikizuia, kiwiko kikiwa kimenyooka. Kikiuma kwenye kinundu cha ndani, umepata jibu.

Hata hivyo, nyuma kidogo tu ya kinundu hicho hupita neva ile ambayo ukijigonga kiwiko unahisi kama umepigwa shoti ya umeme hadi kidole kidogo. Maumivu ya upande wa ndani yakiambatana na ganzi katika kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, hasa unapoongea na simu kwa muda mrefu au unapoamka asubuhi baada ya kulala umekunja mkono, basi neva hiyo nayo inahusika. Jambo la kwanza la kufanya ni kuacha kulala kiwiko kimekunjwa, na njia rahisi ni kukizungushia taulo au kitenge, kwa kulegeza, ili kisikunjike sana usingizini. Ganzi isiyopungua baada ya wiki chache, au mshiko unaoanza kudhoofika, ni jambo la daktari.

Maumivu yako nyuma, au mbele

Maumivu yaliyo juu kidogo ya ncha ya kiwiko, yanayochomoza unapokinyoosha dhidi ya kizuizi, ni ya kano ya traisepsi, yaani msuli wa nyuma ya mkono wa juu. Huletwa na kujiinua kwenye nguzo mbili sambamba, kushusha chuma hadi kwenye paji la uso ukiwa umelala chali, kusukuma chuma kifuani kwa mshiko mwembamba, na kwa vijana wengi, pushapu mamia kila siku bila siku ya kupumzika. Usiichanganye na uvimbe laini, kama yai, unaotokea kwenye ncha yenyewe. Huo ni mfuko wa majimaji uliosumbuliwa kwa kuegemea viwiko, na mazoezi ya kano hayausaidii.

Maumivu ya mbele yasiyo na mlio wala kuvilia damu, yanayozidi unapofungua kifuniko kigumu au unapokaza skrubu, huashiria kano ya chini ya baisepsi iliyochoka lakini haijakatika. Punguza uzito mara moja, na uache kwanza kunyoosha mkono hadi mwisho ukiwa na mzigo.

Maumivu hayakai mahali pamoja

Kano iliyoumia ina anwani. Ukishindwa kuionyesha kwa kidole kimoja, au maumivu yakianzia begani na kushuka hadi vidoleni, au yakibadilika unapogeuza shingo, usikitafute chanzo kiwikoni. Shingo hutuma maumivu mkononi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mtu anaweza kuhangaika na kiwiko mwaka mzima wakati anayepaswa kutibiwa ni mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni.

Uzito ni uleule wa siku zote, lakini kiwiko kimeanza kuuma

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie, kwa sababu katika jimu zetu neno "uleule" mara nyingi si la kweli.

Anza na bomba. Bomba la mashindano ya kunyanyua vyuma vya Olimpiki lina kipenyo cha milimita 28 kwa wanaume na 25 kwa wanawake. Bomba la maji linaloitwa la inchi moja na nusu, ambalo mafundi wengi hulichagua kwa sababu halipindiki, lina kipenyo cha nje kinachokaribia milimita 48, na la inchi mbili hukaribia milimita 60. Bomba nene kiasi hicho halifungiki kiganjani, vidole havifikii gumba, na kwa hiyo unalishika kwa kukaza peke yake. Mzigo wa kilo 40 kwenye bomba hilo huzichosha kano za kigasha kuliko mzigo huohuo kwenye bomba jembamba, ingawa mgongo na mabega havioni tofauti yoyote. Bomba la inchi moja, lenye karibu milimita 34 kwa nje, ni afadhali sana, mradi halibebeshwi mzigo wa kulipinda.

Kisha tazama zege. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4, wakati lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege, ambayo nimewasikia vijana wakiiita "ya ishirini," inakaribia kilo 48. Kopo la rangi la lita 4 linakaribia kilo 10. Na kwa kuwa makopo hayajazwi sawasawa, mara nyingi upande mmoja huwa mzito kuliko wa pili, na tofauti ya kilo mbili au tatu hulazimisha kifundo cha mkono mmoja kujipinda katika kila mrudio ili bomba lisiinamie upande mmoja. Ukiona kiwiko kimoja tu kinauma, na kila mara ni kilekile, geuza bomba ubadilishe pande kwa wiki moja uone kama maumivu nayo yatalegea. Bora zaidi, beba makopo hayo hadi kwenye mashine ya kusaga iliyo karibu, omba kutumia mizani yao, na uandike uzito wa kila kopo kwa rangi. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na bila hiyo hakuna mpango wa kupona unaoweza kufuatwa, kwa kuwa mpango wote unategemea kujua kilo ngapi.

Chanzo cha tatu ni kurudi kwa pupa. Mwanachuo aliyeacha mazoezi kipindi cha mitihani, mtu aliyepumzika mwezi wa mfungo, au mfanyakazi aliyesafiri, akirudi hukuta misuli inakumbuka haraka, naye hupandisha uzito kila siku mbili. Kano haikumbuki haraka hivyo. Na katika asubuhi za Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapokuwa mkali na baridi, mrudio wa kwanza usiwe wa mzigo kamili. Dakika kumi za kujipasha na seti mbili nyepesi za zoezi lilelile, seti ikiwa ni mirudio inayofuatana bila kupumzika, si kupoteza muda.

Nimepunguza vyuma, lakini kiwiko hakiponi

Hesabu kazi za nje ya jimu. Kano haijui kama kinachoivuta ni dambeli au ni dumu. Dumu la lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye mshiko wa mkono mmoja, na siku za mgao wa maji mtu huweza kubeba madumu manane kutoka bombani hadi nyumbani, kisha akashangaa kwamba kiwiko kinauma ilhali "hajafanya zoezi." Kukamua nguo nzito kama jinzi na mablanketi ndilo tendo linalozivuta kano za nje na za ndani kwa wakati mmoja. Kusonga ugali, hasa wa uwele au mtama unaposhika, kuzungusha mkono wa mafuta wa bodaboda kutwa nzima, kupiga jembe kwenye udongo mkavu kabla ya mvua za Desemba, na kupogoa zabibu kwa mkasi kwa wale wenye mashamba kama ya Hombolo, yote ni mzigo.

Simwambii mtu aache kazi zinazompa ugali. Ninachoshauri ni kuzigeuza kidogo wakati wa kupona: bebea maji kwenye toroli, au gawa dumu moja kuwa ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, kamua nguo kwa kuzizungushia kwenye bomba la maji badala ya kuzinyonga mikononi, nyanyua vitu karibu na mwili, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo na kiganja kikitazama ndani au juu. Na siku ya kufua blanketi isiwe siku ya kujivuta kwenye bomba.

Nilipumzika, maumivu yakaisha, nikarudi, yakarudi

Hili ndilo kosa langu mwenyewe. Niliacha vyuma kwa miezi miwili, kiwiko kikatulia kabisa, nikafurahi, nikarudi na uzito niliouacha, na siku ya tatu nilishindwa kushika kikombe. Nilidhani kupumzika ni kupona. Kupumzika kunaondoa maumivu kwa sababu kunaondoa kinachoyachokoza, lakini kano isiyovutwa haijengeki. Ndani ya miezi ile miwili yangu ilikuwa imezidi kudhoofika. Kano hujengwa na mzigo, ila uwe mzigo unaopimwa, unaoenda polepole na unaopanda kwa hatua ndogo.

Nitaeleza kwa upande wa nje, na mwenye maumivu ya upande wa ndani atageuza tu mwelekeo, kiganja kitazame juu. Kaa kando ya meza, laza kigasha juu yake, kiganja kikitazama chini na kikiwa kimechomoza nje ya ukingo. Shika chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo, au ya lita moja na nusu. Inua kiganja kiwe sawa na kigasha na ukishikilie hapohapo bila kusogea kwa sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja au mbili, urudie mara nne au tano. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku. Katika wiki mbili za mwanzo zoezi hili latosha, nalo lina uzuri wa kwamba mara nyingi hutuliza maumivu badala ya kuyaongeza.

Kipimo cha maumivu ni hiki: kati ya sifuri na kumi, yasipite tatu wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi kiwiko kisiwe kibaya kuliko kilivyokuwa asubuhi iliyotangulia. Asubuhi ndiyo inayosema kweli. Kano iliyozidiwa mara nyingi hunyamaza wakati mwili una joto la mazoezi na kulalamika baada ya usingizi, kwa hiyo anayejipima jioni peke yake hudanganyika kila mara. Asubuhi ikiwa mbaya, rudi kwenye mzigo wa nyuma, usiache kabisa.

Baada ya hapo, anza kusogeza. Pandisha chupa kwa sekunde tatu, ishushe kwa sekunde tatu au nne, mirudio 15, seti tatu, siku moja ndiyo na inayofuata pumziko, yaani mara tatu kwa wiki. Maji yakishakuwa mepesi, jaza mchanga mkavu, ambao kwa ujazo uleule una uzito wa karibu mara moja na nusu ya maji, kisha hamia kwenye dambeli. Kadiri uzito unavyopanda, mirudio ishuke hadi 12, kisha 10, kisha minane, na mwendo ubaki wa polepole vilevile. Ongeza zoezi la nyundo: shika nyundo ya kawaida mwishoni mwa mpini, kiwiko kimekunjwa ubavuni, uigeuze polepole kulia na kushoto. Kadiri unavyoshika mbali na kichwa chake ndivyo inavyokuwa nzito, hivyo nyundo moja inakupa uzito wa kila ngazi bila gharama.

Hesabu wiki 12 kabla ya kuamua kama njia hii imekusaidia. Wengi huhitaji kati ya miezi mitatu na sita, na kiwiko kilichoachwa kiume kwa mwaka kinaweza kuchukua mwaka. Nayasema haya wazi kwa sababu nimewaona watu wakiacha katika wiki ya nne, wakati kano ndiyo kwanza inaanza kuitika. Kisukari na uvutaji wa sigara huchelewesha zaidi, na mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa aanzie huko.

Dawa na sindano: zinasaidia au zinaharibu?

Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu kwa siku chache, lakini tatizo la kano lililokaa kwa miezi si uvimbe wa kawaida bali ni nyuzi zilizovurugika, na dawa hizo hazizipangi upya. Kuzimeza kila kabla ya mazoezi ili uweze kunyanyua ni kuizima kengele inayokuonya, mbali na madhara kwa tumbo na figo, hasa kwa anayetoka jasho jingi na kunywa maji kidogo. Diklofenaki ya kupaka ina madhara machache kuliko ya kumeza.

Sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwenye kiwiko inahitaji maneno ya uangalifu, kwa kuwa inavutia: mtu huchomwa, na baada ya siku chache maumivu hayapo. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2002, wa wagonjwa 185 wenye tatizo la upande wa nje, ulionyesha kwamba baada ya wiki 6 asilimia 92 ya waliochomwa walikuwa na nafuu, wakati waliopewa fiziotherapia walikuwa asilimia 47 na waliosubiri tu asilimia 32. Baada ya wiki 52 hesabu iligeuka: waliochomwa asilimia 69, wa fiziotherapia 91, na waliosubiri 83. Utafiti wa Australia wa mwaka 2006 ulifikia matokeo yanayofanana. Anayechomwa sindano na kurudi kwenye vyuma wiki ileile anaivuta kano ambayo imedhoofishwa na imenyamazishwa kwa pamoja, nami simshauri mnyanyuaji yeyote kuianza safari yake kwa njia hiyo.

Kuna dawa nyingine ambayo wengi hawaihusishi na kiwiko. Siprofloksasini, inayotumiwa sana kwa yutiai na taifodi, imo katika kundi la antibiotiki zinazojulikana kudhoofisha kano. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali zaidi mwaka 2008. Kano ya kisigino ndiyo inayoathirika zaidi, lakini si hiyo peke yake, na hatari huongezeka kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi. Ikiwa kano zako zilianza kuuma siku au wiki chache baada ya kuanza dawa hiyo, simamisha mazoezi mazito na umweleze daktari aliyekuandikia. Na ikiwa uliinunua mwenyewe dukani bila cheti, mweleze daktari hata hivyo. Aibu ya kusema hilo ni ndogo kuliko kukatika kano.

Kuchua kwa upole nyama ya kigasha hakuna ubaya na huleta faraja, sawa na maji ya moto au barafu. Kubinya kwa nguvu kinundu chenyewe, au kuchanjwa chale juu yake, hakuiponyi kano, na chale huongeza hatari ya vijidudu kuingia. Mkanda wa kigasha, ukifungwa vidole viwili au vitatu chini ya kinundu, hupunguza mvuto wakati wa kazi. Uvue unapopumzika, na uulegeze mkono ukifa ganzi.

Kurudi kwenye vyuma

Rudi wakati unaweza kunyanyua kiti kwa kiganja kitazamacho chini bila maumivu, na mshiko wa mkono ulioumia umekaribia wa ule mzima. Anza na mazoezi ya kusukuma kabla ya yale ya kuvuta, kwa nusu ya uzito uliouzoea, viganja vikitazamana pale inapowezekana. Pandisha kwa sehemu ndogo kila wiki, si kila siku, na usiongeze uzito na idadi ya seti katika wiki moja. Mazoezi ya kuvuta yarudi kwa mshiko wa dambeli, kisha bomba jembamba. Kujivuta kwenye bomba kwa uzito wa mwili mzima kuwe kwa mwisho, ukianzia na miguu ikiwa bado imegusa chini ili kukupunguzia mzigo. Zoezi la chupa na la nyundo uendelee nalo mara moja au mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa baada ya maumivu kwisha, mwishoni mwa mazoezi yako na si mwanzoni, ili mshiko usichoke kabla ya kazi nzito.